Buji ya Papa Mukengere

Mnisamehe mapema, kwa sababu hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mimi nimezoea jukwaa. Jukwaani mtu akisahau maneno anaangukia kiti, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Kwenye karatasi ukianguka hakuna anayesikia kishindo. Tena safari hii nimekatazwa kuongeza neno. Aliyenikataza mtamwona mbele. Basi nitajitahidi kusema ilivyokuwa tu, kavu kabisa, kama tangazo la komini, ofisi ya serikali ya mtaa.

Ilianza na miwani ya Papa Mukengere kushika ukungu.

Mukengere, kwa wale wasiomjua, na heri yenu, ni mfanyabiashara wa sabuni na samaki wa chumvi. Kwao ni Bukavu, nyumba yake iko Kamembe, na majivuno yake yako pande zote mbili za mto bila kulipiwa ushuru. Baba yake alimwachia pikipiki ya Kijerumani ya mwaka 1957. Mbelgiji mmoja wa kilimo ndiye aliyeiacha alipofunga masanduku yake, na tangu mwaka sitini na moja haijawahi kuwaka. Kuku walitagia kwenye kiti chake vizazi kwa vizazi. Mwaka huu wa sherehe, uhuru unatimiza miaka ishirini na mitano, Mukengere akaamua itawaka. Atapita nayo mbele ya jukwaa la wakubwa, kofia kichwani, na shemeji yake mwenye moto mpya ya Kijapani, ndivyo tunavyoita pikipiki, atakufa kwa wivu pale pale barabarani.

Injini aliiweka wapi? Mezani. Sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, juu ya kitambaa ambacho mke wake, Maman Nzigire, alikifuma kwa miezi minne.

Jumapili baada ya misa akafungua buji. Hicho ni kile kidude cha kutoa cheche, kinakaa juu ya silinda kama kizibo kwenye chupa. Buji hii ilikazwa na mtu ambaye hakutaka ifunguliwe: ilizungushiwa uzi wa shaba mara saba, na ncha za uzi zikasokotwa. Mukengere aliukata uzi kwa koleo. Akazungusha, akavuta. Na kutoka kwenye lile tundu, kwenye chuma kilicholala baridi miaka ishirini na sita, ikatoka pumzi. Ya moto, yenye unyevu, kama ya ng'ombe aliyekusogelea. Miwani yake ikawa nyeupe.

Muntu mwenye akili angerudisha kizibo, akatoka nje, akahama. Mukengere alifuta miwani kwa tai yake.

"Iko hewa ya zamani," akasema, na buji akaitupa kwenye bakuli la sukari, juu ya kabati.

Sasa alihitaji fundi. Si fundi wa kukaza misumari. Alihitaji mtu wa kukereza silinda, yaani kuichonga ikizunguka kwenye mashine, maana ile ilikwishaliwa na kutu, na pistoni haikuwa na pini, ule mhimili mdogo wa chuma, mnene kama kidole, unaoifunga pistoni. Pini haikuwamo kabisa. Pahali pake palikuwa patupu na panang'aa.

Akaja Habineza wa sokoni, ambaye ana kibao kilichoandikwa Daktari wa Moto. Daktari huyu alikuja na nyundo moja na mdomo mmoja. Alimimina petroli ndani ya silinda ili aioshe, akatoa pistoni, akaigonga, akaisikiliza kwa sikio kama mtu anayenunua nazi ambayo hajawahi kuila. Kisha akakata segmenti, ile pete ya kuvisha pistoni, kutoka kwenye kopo la sadini.

"Papa, hii ni chuma ya Ulaya," akasema akionyesha kopo.

Nawaambia ukweli, kopo lilikuwa bado na picha ya samaki. Alipojaribu kuliingiza, kitu fulani ndani ya silinda kilimpokonya. Si kwamba lilidondoka. Lilivutwa. Kisha likarushwa nje, limekunjwa mara nne, kwa dharau, likamgonga Daktari kwenye paji la uso. Habineza alisahau nyundo yake na hajairudia mpaka leo. Ndiye mtu wa kwanza katika hadithi hii kufanya jambo la busara.

Tangu siku ile, kila saa sita ya mchana, nyumba ilianza kunuka mafuta ya mbarika yaliyoungua. Harufu nzito, tamu, ya kukaa kooni. Iliingia kwenye sombe ya majani ya mihogo, kwenye ugali wa fufu, kwenye shuka. Na wakati kengele ya kanisa inamaliza, ndani ya injini ile isiyo na pistoni kulisikika sauti nyembamba, sss, sss, sss, kama kisu cha chuma kinapita juu ya kitu kinachozunguka.

"Papa Feza," Maman Nzigire akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, kwa jina la binti yao anayesoma bweni, "unasikia?"

"Ni panya."

"Panya banahesabu Kifaransa?"

Maana ilikuwa inahesabu. Polepole, kwa sauti ya mtu aliyebana kitu kwa meno. Vingt et un. Halafu kimya. Vingt, neuf: kutoka ishirini na moja hadi ishirini nukta tisa, inashuka. Nimeona majini wa kila namna katika hadithi za watu, wa kwato, wa nywele ndefu, wa kulia msituni. Huyu wa Kamembe alikuwa na shule.

"Nimeshawasha buji tatu kwa Bikira," Nzigire akanong'ona. "Toa hii kintu mu nyumba yangu."

"Kisha sherehe? Nipite na miguu?"

Jumatano, wakati wa kunawa mikono, pete ya ndoa ya Mukengere ilianguka ndani ya beseni. Pete ambayo kwa miaka kumi na minane haikutoka hata kwa sabuni yake mwenyewe, anayoisifu kwamba inatoa kila kitu. Akacheka, akasema amekonda kwa kazi. Kitambi chake, kilichokuwa kimelala mezani, hakikuonyesha dalili yoyote ya kukonda. Kidole cha pete peke yake ndicho kilichopungua.

Alhamisi Nzigire alikuta kwenye mto, baada ya usingizi wa mchana wa mumewe, vitu vidogo vyeupe vilivyojikunja kama maganda ya penseli. Akadhani ni kucha. Akavishika, vilikuwa laini. Vilikuwa na mistari ya ngozi ya kidole, ile mistari ambayo komini wanakuwekea wino.

Ijumaa alikaa macho amtazame. Hapo ndipo nilitamani niwe mwandishi mzuri, kwa sababu mama huyu, ambaye kwa kawaida anapiga kelele hata akiona bei ya nyanya, alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, mchana mweupe, jua likipita dirishani, watu wakicheka barabarani, akaona mkono wa mumewe ukinyanyuka wenyewe kutoka kwenye shuka huku mwenye mkono anakoroma, ukanyooka, kidole cha pete kikatengana na vingine na kusimama kama kimebanwa na taya za chuma zisizoonekana, halafu harufu ya mbarika ikajaa chumba, sauti ikaanza, sss, sss, na kwenye kidole ukatokea mstari mwembamba unaozunguka, unaozunguka, na kutoka kwenye mstari huo ngozi ikawa inanyanyuka bila damu, nyembamba kuliko karatasi ya sigara, ikajikunja, ikashuka kwenye mto, na ile sauti ikasema vizuri sana, kwa furaha ya mtu anayeona kazi yake inanyooka, vingt, deux, ishirini nukta mbili, kisha kitu baridi kikamgusa Nzigire mwenyewe shingoni, kushoto na kulia kwa wakati mmoja, kikabana kidogo, kikasoma kipimo, kikamwachia, kama mtu anayepima kipande kingine cha kazi ya baadaye.

Akapiga yowe lililosikika mpaka bandarini.

Mukengere aliamka, akaona kidole chake, akakigeuza geuza kwenye jua la dirishani. Kilikuwa kimepungua, unene mmoja kutoka juu mpaka chini. Kilinyooka, kilikuwa cha mviringo kamili, kinang'aa. Kizuri, kusema kweli. Ndicho kitu pekee kwenye mwili wa Mukengere kilichowahi kutengenezwa vizuri.

"Sasa tunatafuta fundi wa kweli," mkewe akasema. "Siyo wa moto. Wa kukutoa wewe mu mashini."

Mji mzima ulijua jina moja: Muhigirwa, mkereza vyuma wa karakana ya misheni, aliyeitengeneza pikipiki ile zamani. Ila Muhigirwa alikufa. Alibaki mwanafunzi wake, Mzee Kamali, Mwislamu wa Kamembe aliyechoshwa na mji na kwenda kulima ndizi Gashonga. Jumamosi asubuhi Mukengere akapanda gari la ndizi kwenda huko, mkono umefungwa kitambaa, na pamoja naye akapanda jirani yake aitwaye Mirindi.

Huyu Mirindi inabidi nimseme kidogo. Ni mchekeshaji wa harusi na sherehe za parokia, mtu wa miaka hamsini kasoro, anayejua kuiga sauti ya padri, ya mbuzi na ya mhasibu wa komini, na haijui ya kwake mwenyewe. Alijialika. Aliona msiba wa jirani akaona mchezo wa kuigiza wenye kiti cha mbele cha bure.

Walimkuta Mzee Kamali kwenye kibanda chake, chini ya bati, ambako ana mashine ya kukereza inayozungushwa kwa mguu kama cherehani. Hakuwasalimia zaidi ya salamu. Alishika kile kipande cha sadini alicholetewa, akakitazama, akakitupia kuku.

"Aliyefanya hii akae na viazi. Ataviharibu pia, lakini vitalika."

Kisha akafungua kitambaa. Akachukua kipimo chake cha chuma chenye taya mbili, akakibana kwenye kidole cha Mukengere juu, katikati, chini. Akapima tena. Akavua kofia.

"Mashallah," akasema taratibu. "Huyu ni fundi."

"Mzee!" Mukengere akalia. "Iko kidole yangu!"

"Nyamaza, bwana. Kilipokuwa chako kilikuwa mhogo."

Akakaa juu ya gogo, akawaeleza kwa maneno machache, kama mtu anayelipia kila moja. Muhigirwa alitaka silinda ya pikipiki ile inyooke kuliko mkono wa binadamu unavyoweza. Aliomba msaada pahali asipotakiwa kuomba. Akaja mmoja, akakereza, kazi ikawa ya ajabu. Ilibaki pini tu. Muhigirwa akaulizwa atatoa chuma gani cha kutengenezea pini, akajitazama mkono, akaelewa ameulizwa nini. Akamfungia humo humo, kwa buji na uzi wa shaba, na hakuigusa tena mashine mpaka kufa.

"Fundi hawezi kuacha kazi nusu," Kamali akasema. "Anayemfungulia ndiye anayempa kipande cha kukereza. Wewe umefungua, umempa wewe mwenyewe. Anataka milimita kumi na nane. Jana amefika ishirini nukta mbili. Ngozi imekwisha. Leo saa sita anaanza nyama na mfupa, na mfupa anauchukua mzima, mpaka begani."

Mukengere akaketi chini, kwenye maganda ya ndizi, na suruali yake ya misa.

"Nitamkerezea pini ya chuma, ya kipimo hicho hicho, aikubali au aikatae. Lakini nahitaji mkono huu hapa mbele yangu nichukue mfano, na itanishika mpaka alasiri. Kwa hiyo lazima afungiwe kabla ya saa sita." Akamgeukia Mirindi. "Wewe, una miguu?"

"Ninayo, Mzee, na sauti pia, na mashavu ya akiba."

Kamali hakucheka. Inasemekana hajacheka tangu Wabelgiji waondoke na mafuta yao mazuri.

"Shuka kwa Maman Nzigire. Mwambie: buji irudi tunduni, ikazwe, kabla ya saa sita. Basi. Usiongeze neno."

Usiongeze neno! Amemwambia Mirindi! Ni kama kumwambia mbuzi asile nguo iliyoanikwa.

Alipata gari la mihogo, akashuka Kamembe saa tano na nusu. Njia nzima alikuwa anaufanyia mazoezi ujumbe ule, na kila kona ulinenepa. Alipofika alipiga goti mlangoni, akanyoosha mikono, akatoa sauti ya padri siku ya Ijumaa Kuu.

"Maman Nzigire! Mzee wa Gashonga amesema: buji isimame tunduni! Isimame wima! Saa ya giza inakaribia!"

Nzigire akapiga ishara ya msalaba. "Buji? Buji gani, Papa?"

Hapa msimame kidogo. Wabelgiji, kwa ubahili wao, walituachia neno moja la vitu viwili. Cha kutoa cheche kwenye injini ni buji. Cha nta, cha kuwasha mbele ya Bikira, nacho ni buji. Mama yule hajawahi kugusa mashine maishani mwake, na kila akisema buji anapiga ishara ya msalaba. Aliuliza swali zuri kuliko maswali yote yaliyoulizwa wiki ile. Na ile buji ya chuma ilikuwa palepale kwenye bakuli la sukari, mkono mmoja kutoka kwa Mirindi. Aliiona. Alikuwa ametoka kuchovya sukari.

Lakini jukwaa lilikuwa limemkolea.

"Ile ya kubarikiwa, Maman! Nyeupe! Ndefu! Na uikaze kwa sala!"

Mama akaleta buji ya Pasaka, ile nene. Akaisimamisha kwenye tundu la silinda, ikaingia sawasawa, kama imepimwa. Akapiga magoti na rozari. Na Mirindi, kwa sababu mchezo hauwezi kuisha bila mwanga, akawasha kiberiti mwenyewe, akakizungusha hewani mara moja kwa madaha, akawasha utambi.

Kengele ya saa sita ikaanza kulia. Mwali ulikuwa wa njano. Ukawa wa buluu. Halafu ukainama, ukaelekea chini, jambo ambalo mwali haufanyi, ukanyonywa polepole ndani ya nta, nta ikazama ndani ya tundu, na petroli ya Daktari Habineza, iliyokuwa imebaki humo ikisubiri mjinga, ikaitikia, buumm, Moyo Mtakatifu ukaanguka na kioo chake, kitambaa cha miezi minne kikashika moto, na injini ile isiyo na pistoni, isiyo na pini, isiyo na kitu, ikazunguka, tum, tum, tum, laini kama cherehani mpya, ikavuta pumzi moja ndefu na kuitoa, na pumzi hiyo yenye harufu ya mbarika ikapita juu ya kichwa cha Nzigire bila kumgusa, ikasimama mbele ya Mirindi, usoni kabisa, kama mtu asiyeona mbali anayemchungulia mgeni aliyemfungulia mlango, ikamwambia kwa adabu kubwa, merci, asante, kisha ikatoka.

Gashonga, saa ile ile, mashine ya Kamali ilikwama. Mzee akatazama kidole cha Mukengere. Hakikuguswa. Akatazama pini aliyokuwa ameifikisha nusu, akaiweka chini.

"Nani amefungua mlango?" akauliza.

Mukengere alipona. Kidole chake kimebaki chembamba, na pete anaivaa kwa uzi, na hiyo haijamfundisha kitu. Kamali aliikamilisha pini, akaipachika, pikipiki ikawaka. Siku ya sherehe alipita mbele ya jukwaa, kofia kichwani, na watu wakapiga makofi. Shemeji yake hakufa. Nzigire anafuma kitambaa kingine na ameapa injini ikiingia tena ndani atatoka yeye.

Na Mirindi? Wiki iliyofuata alipanda tena gari la ndizi kwenda Gashonga, mkono mfukoni. Kamali alimpima kidole cha pete, akatikisa kichwa kwa heshima, heshima ya kazi, si ya mtu.

"Amekufuata, maana wewe ndiye uliyewasha. Anakereza nini safari hii, sijui. Hajataja kipimo." Akafikiri. "Anachukia kitu kimoja tu: kazi iliyopita kipimo. Nenda ukaseme mbele za watu ulichofanya, sawasawa kilivyokuwa, bila kuongeza neno. Ukiweza, atakuacha."

Mirindi ni mimi.

Ujumbe wa Mzee ulikuwa wa maneno manane. Mnaona nilipofika. Nilipoanza ukurasa wa kwanza pete yangu ilikuwa inabana kidogo, nikapata matumaini. Nilipofika kwa Daktari Habineza ikaanza kucheza. Hapa kwenye kiberiti na madaha yake imeteleza, imeanguka chini ya meza, na sikuisikia ikigonga sakafu. Chumba kinanuka mbarika, ni mchana mweupe, nje batoto wanacheza mpira.

Lakini jini msimlaumu. Yeye hapunguzi ila kilichozidi.